Maziwa yangu yamepimwa yakapatikana na DDE, je niache kunyonyesha?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Niko Nakuru, mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitatu. Akiwa na wiki sita hivi watu wa utafiti walikuja kliniki wakaomba maziwa kidogo nikawapa. Juzi nimeletewa karatasi, imeandikwa p,p'-DDE 310 ng/g lipid, zingine zote ND. Nesi alisema hajui kuisoma. Mama mkwe ameshanunua maziwa ya mkebe, bwanangu ananiuliza nilikuwa nakula nini. Kabla ya kuolewa nilifanya kibarua shamba la maua Naivasha miaka miwili. Kuna kina mama wengine wamepitia hii kitu? Niache kunyonyesha? Nimemdhuru mtoto? Nimemdhuru?"

Dadangu, wacha nianze na lile unalongoja. Usimwachishe. Leo usiku akilia mpe titi vile umekuwa ukimpa. Hayo mengine nitakueleza pole pole, maana najua kumwambia mtu "usijali" haimsaidii kitu kama ameshika karatasi ya maabara mkononi na hakuna mtu wa kumsomea.

Na hapo kwa nesi kutojua kuisoma, mimi simlaumu, si kazi aliyofundishwa. Lakini wale waliokuja kuchukua maziwa nawalaumu kabisa. Mtu hawezi kukamuliwa maziwa alafu aletewe namba bila mtu wa kukaa naye dakika kumi. Miaka mingi nikiwa nashughulika na kina mama wanaonyonyesha huku Kisumu nimeona zote mbili, wale wa kuletewa karatasi hivi hivi tu na wale ambao sampuli ilienda na majibu hayakuwahi kurudi. Kulikuwa na mama mmoja alingoja jibu mpaka mtoto akaanza kutembea, na kila akimnyonyesha anajiuliza ndani kuna nini. Ile fomu uliyosaini siku ile kuna nakala yako, chini iko na namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyopitisha huo utafiti. Piga, waambie unataka kuelezewa matokeo yako. Ni haki yako, hauombi msaada.

Sasa karatasi. ND maana yake mashine haikuona kitu, yaani kama kipo ni kidogo kuliko kile inaweza kupima, na wewe uko na ND nyingi, hiyo hakuna mtu amekuambia. DDE ni mabaki ya DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, ikiingia mwilini inabadilika inakuwa DDE na inakaa kwenye mafuta miaka mingi. Maziwa yana mafuta ndio maana inaonekana hapo. Wangekutoa damu wangeipata, na bwanako pia wangemtoa damu wangeipata.

310 ng/g lipid ni nanogramu 310 kwa kila gramu moja ya mafuta ya maziwa, si ya maziwa yote. Wengi wanashtuka hapo kwa sababu 310 inasikika kubwa. Nanogramu ni gramu moja ukiigawanya mara bilioni. Twende pamoja: lita moja ya maziwa ya mama ina mafuta kama gramu 35 hivi, kwa hivyo 310 mara 35 ni kama nanogramu 10,850, hizo ni mikrogramu 11 kwa lita nzima. Mtoto wa miezi mitatu ananyonya kama mililita 750 kwa siku, hapo anapata kama mikrogramu 8. Tuseme ana kilo 6, gawa, inakuwa kama mikrogramu 1.4 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na FAO waliweka mwaka 2000 kwamba mtu anaweza kupokea DDT na mabaki yake mpaka mikrogramu 10 kwa kila kilo kila siku ya maisha yake yote. Mtoto wako yuko kama sehemu moja kwa saba ya hiyo, na yeye hatanyonya maisha yake yote, na kila mwezi anaongeza kilo wakati maziwa yako yanaendelea kupungua DDE. Sisemi ni kitu kizuri kuwa nayo. Ningependa sana iwe sifuri kwa kila mtoto. Nasema tu hiyo namba yako si ya kukunyima usingizi.

Kuhusu maua, nilivyosoma swali lako nikaona umejibebesha hii kitu kutoka Naivasha. DDT Kenya ilizuiliwa kwa kilimo mwaka 1986, ikaachwa kwa mambo ya afya tu kama malaria. Wewe hata hukuwa umezaliwa. Dawa zinazopulizwa kwa maua siku hizi nyingi ni za aina nyingine, zinatoka mwilini kwa siku au wiki, hazikai miaka kungoja uzae, na zina hatari zao kwa mtu anayefanya kazi hapo sahii, ila DDE haitoki kwa hizo. DDE ya kwako imetoka kwa udongo wa zamani, kwa mafuta ya nyama na maziwa na samaki uliyokula tangu utotoni, na nyingine ulipokea kwa mama yako tumboni na kwa titi lake. Yeye alikua wakati DDT inapulizwa mashambani kama kawaida. Kwa hivyo bwanako akiuliza ulikuwa unakula nini, jibu ni kwamba ulikuwa unakula vile yeye alikuwa anakula. Na umwambie hii pia, mwanaume hana njia ya kuitoa haraka, mwanamke akinyonyesha yake inapungua, ndio maana mtoto wa kwanza ndiye hupata zaidi kidogo na wale wa nyuma hupata pungufu. Akipimwa yeye leo anaweza kukupita.

Umeuliza pia kama kuna kina mama wengine wamepitia hii kitu. Wako, tena ni wengi sana duniani. Maziwa ya mama yalipatikana na DDT mara ya kwanza Marekani mwaka 1951. Huko Michigan mwaka 1973 kemikali ya kuzuia moto, PBB, ilichanganywa kimakosa na chakula cha ng'ombe, watu wakala nyama na maziwa miezi mingi kabla haijajulikana, na mwaka 1976 walipopima maziwa ya kina mama wa upande wa kusini wa jimbo karibu wote walikuwa nayo. Hebu fikiria huyo mama, ng'ombe jirani wamekufa na kuzikwa kwa mashimo, alafu anaambiwa kemikali hiyo iko pia kwa titi lake. Kanada nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitafuta maziwa safi ya kulinganisha na ya watu wa mjini, wakaenda kaskazini kabisa ya Quebec kwa Wainuit ambako hakuna hata kiwanda kimoja. Wakakuta PCB, kemikali za viwandani zinazokaa kwenye mafuta, mara tano hivi ya zile za kina mama wa kusini. Kemikali ilisafiri na upepo na maji ya bahari mpaka kwa mafuta ya sili na nyangumi, na hicho ndicho chakula chao. Nikiwasimulia kina mama wa hapa hii ya Wainuit huwa wananyamaza, kwa sababu inawatoa ile mawazo ya kwamba kuna mahali walikosea. Na hao Wainuit waliambiwa waendelee kunyonyesha, baada ya watu kukaa chini na kupima faida na hasara.

Uswidi ndiyo ya kunipa moyo zaidi. Wao wamekuwa wakihifadhi maziwa ya kina mama Stockholm miaka mingi, wakirudi kuyapima wanaona historia ya nchi yote. DDT ilivyozuiliwa, kwenye maziwa ikashuka. Alafu wakaona dawa nyingine za kuzuia moto za kwenye viti na vifaa vya umeme, zinaitwa PBDE, zilikuwa zinaongezeka maradufu kila miaka mitano kutoka 1972 mpaka 1997. Hiyo habari ilitoka kwa matiti ya kina mama, na ilisukuma watu kuzuia, Ulaya ikapiga marufuku ile mbaya zaidi mwaka 2004. Kenya pia imeshatoa maziwa kwa uchunguzi wa dunia nzima unaofuata Mkataba wa Stockholm, ule wa nchi kuzuia kemikali zinazokaa miaka mingi kama DDT. Hapo wanachukua kutoka kwa kina mama kama 50 wa mtoto wa kwanza, wiki ya tatu mpaka ya nane, kila mmoja mililita 50, wanayachanganya pamoja na kuyapeleka maabara ya Freiburg, Ujerumani. Wewe uko kwenye kundi hilo hilo la umri wa mtoto na wa mtoto wa kwanza, ndio maana naona walikutafuta. Maziwa yako yamesema kitu kuhusu Nakuru na kuhusu nchi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa upande wetu huku ziwani kuna jambo lingine ambalo wazungu wa utafiti huwa hawalifikirii. Neno kupimwa. Mama akisikika maziwa yake yamepimwa na sasa ananunua mkebe, majirani wanajua moja tu, wanaanza kunong'ona ana virusi vya Ukimwi. Nimeona mama mmoja wa Kisumu akificha karatasi ya kemikali kama hiyo yako ndani ya godoro kwa sababu hiyo, bwana asiione, na ilikuwa haina chochote cha kuficha. Siku hizi hata mama mwenye virusi akiwa kwa dawa ananyonyesha. Na tulijifunza kwa uchungu. Kulikuwa na utafiti mkubwa hapa Kisumu ulioanza 2003, kina mama wenye virusi wakapewa dawa na wakashauriwa waachishe mtoto akifika miezi sita, na pale kwenye kuachisha ndipo watoto wakaanza kuharisha na kulazwa zaidi. Chupa na maji machafu nayo yameua watoto wengi hapa kwetu.

Na hiyo inanileta kwa maji ya Nakuru, na hapa naomba usome na mama mkwe akiwa karibu. Wewe uko huko, unajua watu wenye meno ya kahawia. Hiyo ni floraidi, imo kwenye mawe ya Bonde la Ufa na inaingia kwa maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huo vinapita, vingine mbali sana. Sasa sikiza, titi la mama huwa linachuja floraidi, hata mama akinywa hayo maji ya kisima kile kinachofika kwa maziwa ni kidogo sana sana. Lakini ukichukua unga wa mkebe ukauchanganya na maji hayo mtoto anapokea floraidi yote, mara nane kwa siku, wakati meno yake yako ndani ya ufizi yanatengenezwa. Na kuchemsha hakuondoi, maji yakipungua kwa sufuria floraidi inabaki, inakuwa nzito zaidi. Kwa hivyo mama mkwe kwa mapenzi yake ya kumtoa mjukuu kwa DDE ambayo ni sehemu moja kwa saba ya kiwango, anaweza kumpeleka kwa floraidi iliyopita kiwango. Simwoni vibaya, ameogopa kama wewe. Mwonyeshe tu hiyo hesabu. Kwa maji ya kunywa ya nyumba yenu yote tafuteni ya mvua au yaliyopitia kichujio cha mkaa wa mifupa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikifanya hiyo kazi kwa muda mrefu, ulizia. Ule mkebe kama haujafunguliwa arudishe dukani, pesa inunue mboga na mayai yako wewe unayenyonyesha.

Kuna mambo mtu akishtuka anafanya yakamharibikia. Usikamue na kumwaga ukidhani unasafisha, DDE iko kwenye mafuta ya mwili wako wote, utachoka tu na maziwa yapungue. Kuyachemsha pia hakusaidii. Na tafadhali usianze kujinyima chakula upungue haraka kwa sababu ya maneno ya watu kuhusu tumbo lako la uzazi. Ukipungua kwa kasi mafuta yanayeyuka na kemikali iliyolala humo inaingia kwa damu na kwa maziwa. Kula, upungue pole pole, mwaka una miezi mingi.

Ya kupunguza kinachoingia kuanzia sasa, ukweli ni kwamba nyingi ni za jikoni. Usiwashe jiko kwa karatasi za plastiki au chupa, moshi wake unatoa dioksini, sumu zinazokaa kwenye mafuta kama DDE, na hizo zinaishia kwa mafuta ya kuku na mayai, kwa hivyo kuku anayechakura kwa jaa la takataka mimi singemla. Sukuma na nyanya osha kwa maji yanayotiririka, na kama ni shamba lako heshimu zile siku zilizoandikwa kwa chupa ya dawa kabla ya kuvuna, watu wanapuliza Jumatatu wanapeleka soko Jumatano. Dawa ya mahindi na ile ya kunguni isiyo na lebo isilale chumba kimoja na mtoto. Mahindi na njugu zilizoota ukungu usile hata ukizichambua, sumu ya ukungu huo, aflatoksini, inapita kwa maziwa, na hii naiogopa kuliko DDE yako kwa sababu watu 125 walikufa Ukambani na maeneo ya karibu mwaka 2004 kwa mahindi ya aina hiyo. Omena kula, ngege kula. Najua watu wa huku bado wanakumbuka 1999 Ulaya ilipofunga soko la samaki wa Victoria kwa sababu wavuvi wengine walikuwa wanamwaga dawa majini wavue haraka, lakini samaki wadogo ni chakula kizuri sana kwa mama, na mbuta mkubwa mwenye mafuta mengi mpunguzie tu yale mafuta.

Odowa sasa. Hujasema kama ulikula ukiwa na mimba, ila naandika kwa sababu wengi wanaosoma hapa wanakula na wanaendelea hata baada ya kuzaa. Yale mawe laini yanaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi inakaa kwa mifupa, ukinyonyesha mwili unachota kalsiamu kwa mifupa na risasi inatoka nayo. Hamu ya odowa mara nyingi ni damu imepungua, enda upimwe damu, upewe vidonge vya chuma, hamu yenyewe itapungua. Krimu za kung'arisha ngozi pia, zingine zina zebaki, tupa.

Mtu ambaye ningemwambia apimwe haraka si wewe. Ni yule dada wa Kakamega au Migori anayechanganya dhahabu na zebaki kwa mikono alafu anaichoma jikoni mtoto akiwa mgongoni. Mvuke huo mtoto anauvuta moja kwa moja. Au yule ambaye bwana anavunja betri za gari nyuma ya nyumba. Hao nao waanze kwa kutoa hiyo kazi nyumbani leo, na kipimo chao ni damu au mkojo wa mama na wa mtoto, si maziwa. Kwa risasi na zebaki maziwa hayakuambii mengi. Na hata wao mara nyingi daktari atawaambia waendelee kunyonyesha baada ya chanzo kuondolewa.

Kama unapanga kurudi kibarua cha maua, likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni miezi mitatu na yako naona imeisha au inaisha, uliza wakuweke mbali na mahali panapopulizwa na pa kuchanganya dawa, usiingie nyumba ya maua kabla ya muda wa kusubiri kuisha, na ukitoka kazini badilisha nguo na unawe mpaka kwapani kabla ya kumshika mtoto. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia. Watakuambia hawana. Itisha tu, na uende na mwenzako, mkiwa wawili mnasikizwa.

Umeuliza mwisho kabisa kama umemdhuru mtoto, ukaandika mara mbili. Nimeisoma nikakaa kidogo. Kina mama wote niliowahi kusomea karatasi kama hii wameniuliza hivyo hivyo, hata yule ambaye alikuwa na ND mstari baada ya mstari. Jibu langu kwako ni hapana. Hukuinunua, hukuipuliza, ulizaliwa ikiwa imeshakungoja. Mtoto umempa chakula na kinga ambayo mkebe haujui kuitoa.

Wiki ijayo ni kliniki ya wiki ya 14, si ndio? Akiwekwa kwa mizani angalia ule mstari kwenye kitabu cha kliniki, kama unapanda sambamba na ile michoro basi ana afya kutokana na maziwa hayo hayo yaliyopimwa. Niandikie ana kilo ngapi.